Dafu na cherehani: shajara ya kumlea Labrador nyumbani kwa fundi

Naishi Sahare, Tanga, na sebule yangu ndiyo ofisi ya ushonaji. Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kumfuga mbwa wa aina ya Labrador kwenye nyumba ya kawaida, yenye watoto, wateja wanaoingia na kutoka, na majirani wasiotaka kuguswa na mbwa. Niliandika kila hatua ilipokwisha na sikurudi nyuma kupamba. Palipokwenda vizuri nimepita haraka. Palipoharibika nimekaa.

6 Januari 2024 (wiki 8)

Dafu ameingia leo, dume, rangi ya krimu, kilo 5.8. Tumemnunua shilingi 450,000. Jina alilichagua binti yangu wa miaka tisa na hakuna aliyepinga.

Fundi seremala ametutengenezea kizimba cha mbao za paleti, sentimita 90 kwa 60, kwa 45,000. Nimekiweka pembeni ya meza ya kukatia ili anione nikiwa kazini. Sasa hivi kinamfanya aonekane kama ndimu ndani ya ndoo, ila tumeambiwa miezi sita haitapita kabla hajakijaza.

Chanjo ya kwanza kapewa, mbili zimebaki, pamoja na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Daktari wa mifugo kakataza asikanyage barabarani kabla ya chanjo kukamilika, kwa sababu ya parvo, ugonjwa hatari wa virusi kwa watoto wa mbwa. Papo hapo kasema wiki hizi hadi ya 14 hivi ndizo za kuzoea dunia, na asipozoea sasa atakuja kuogopa bodaboda maisha yake yote. Maagizo mawili yanayogongana. Jibu nililolipata ni mbeleko: nimemfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto na kuzunguka naye sokoni, stendi na pwani. Watu wamecheka hadi wakashika mbavu. Amesikia honi, kasikia adhana, kaona mbuzi, na hajagusa ardhi.

14 Januari

Haja. Hakuna siri hapa: nje kila akiamka, kila akila, kila akimaliza kucheza, na kila saa moja akiwa macho. Usiku baba watoto aliamka saa saba na saa kumi, akinung'unika, lakini aliamka.

Kosa letu lilikuwa usafi. Tulidekia mkojo kwa dawa ya choo yenye amonia, na Dafu akawa anarudi palepale kwenye kona ya friji kila siku. Mkojo wenyewe una harufu ya amonia, kwa hiyo tulikuwa tukimwekea kibao cha msalani. Tumehamia siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na mkeka tunauanika juani. Siku nne sasa kona ya friji ni kavu.

2 Februari (wiki 12)

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nitake kumrudisha. Meno ya utotoni ni 28 na yote ni sindano. Kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili, anageuka. Ananing'inia kwenye kanga ya binti, anang'ata vifundo vya miguu, anazunguka meza kama tiara iliyokatika uzi. Mikono yangu ina mikwaruzo hadi wateja wananiuliza kama nimeanza kufuga paka.

Tulichojaribu kwanza: kulia "aii!" kwa sauti kama ambavyo ndugu zake wangelia. Wapo mbwa wanaoacha wakisikia hivyo. Dafu alifurahi. Kwake ile sauti ilikuwa ya mwanasesere anayelia akibonyezwa, basi akabonyeza tena. Tukajaribu kumfunga mdomo kwa mkono, akadhani ni mieleka. Tukamchosha kwa kumkimbiza uani nusu saa, na jioni ile ndiyo akachana neti.

Dawa niliipata kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nilianza kuandika nyuma ya kurasa saa anazolala. Jumla ikatoka saa 11 kwa siku nzima. Mtoto wa mbwa wa umri huu anahitaji kama 18! Cherehani inaunguruma, wateja wanampigia miluzi, watoto wanarudi shule, na kila mmoja anamwamsha kidogo. Yule shetani wa saa kumi na mbili alikuwa mtoto aliyekosa usingizi.

Ratiba mpya: macho kwa muda wa saa moja, kizimbani kwa muda wa saa mbili, kimefunikwa kitenge. Siku mbili za kwanza alilia dakika kumi kumi. Siku ya tatu akaingia mwenyewe. Kabla ya ratiba nilihesabu jioni moja nikaacha nilipofika 40. Jana ameng'ata mara tisa, na mara hizo tisa tunatoka chumbani, tunafunga mlango, tunahesabu hadi 20, tunarudi bila kusema neno. Kupiga kelele kulikuwa burudani, kuondoka kunamuuma.

Karoti iliyogandishwa pia inasaidia, umeme ukiwapo. Kwa mgao huu wa sasa mara nyingi nampa karoti ya uvuguvugu, naye ananitazama kama niliyemdhulumu.

24 Februari (wiki 15)

Gharama ya wiki hii: 76,000. Nitaeleza.

Labrador ni mbwa wa kubeba. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, huko Canada, wakisaidia kuvuta nyavu na kuokota samaki waliochoropoka. Waingereza wakawachukua wakawafanya mbwa wa kuokota ndege waliopigwa risasi, na chama chao cha mbwa kikawatambua rasmi mwaka 1903. Zaidi ya karne ya kuchaguliwa kwa kushika kitu mdomoni, halafu mimi namleta kwenye nyumba ambayo sakafu yake imejaa vipande vya vitambaa.

Alianza kuiba vipande vya mabaki. Tukamkimbiza. Akagundua kuwa kitambaa kikiwa mdomoni familia nzima inaacha kazi na kucheza naye. Jumanne akachukua sare ya harusi ya mteja, kitenge cha yadi tatu, na kukiburuta kwenye matope. Nimekilipa, 36,000. Alhamisi akameza lesi ya kama sentimita 30 mbele ya macho yangu.

Jirani alinishauri nimnyweshe maji ya chumvi atapike. Msithubutu, chumvi nyingi yenyewe inaweza kumuua. Nilimkimbiza kwa daktari kwa bajaji, na kwa kuwa haikuwa imepita saa moja, daktari alimtapisha. 40,000. Uzi na lesi vinaweza kuukunja utumbo kama ninavyokunja marinda, na hapo ni upasuaji. Alinionya pia: ukiona uzi unaning'inia nyuma anapojisaidia, usiuvute, mlete.

Ushauri wake kuhusu wizi: msimkimbize, mbadilishane. Akikamata kitu, mpe dagaa, akiachie.

4 Machi

Kubadilishana kumefanya kazi kupita kiasi. Dafu amekuwa mfanyabiashara. Anachukua kitambaa, anakuja nacho hadi kwenye kiti changu, anakaa, anakitema kwenye mguu wangu, anasubiri malipo. Akishalipwa anarudi kuchukua kingine. Asubuhi ya leo peke yake nimelipa dagaa 14.

Nimekaa nikawaza nani anamfundisha nani. Nilikuwa nalipa mwisho wa kazi, na kazi yenyewe inaanza na kuiba. Nimefanya mabadiliko mawili. Mabaki yote yanaingia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, yaani duka limefungwa. Na dagaa sasa wanadondoka kwenye mkeka wake akiwa amelala, tena hasa pale kitambaa kinapoanguka naye hakiendei. Kubadilishana nimekubakiza kwa dharura.

15 Machi (wiki 18)

Ijumaa, Ramadhani. Mteja aliacha geti wazi. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa anapita kwenda msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Dafu, kilo 14 sasa, alimrukia kifuani kwa miguu yenye matope na kumlamba mkono.

Kwa msomaji asiyeishi pwani: majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Nguo haifutwi tu, huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mzee alibidi arudi nyumbani, ajitwaharishe, abadilishe nguo, na muda wa Ijumaa haumsubiri mtu. Natamani ardhi ingepasuka.

Jioni nilikwenda na baba watoto kuomba radhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Tukataka kulipia kanzu, akakataa. Akasema, "Mwanangu, mbwa ni mnyama, hana hesabu. Lakini geti ni la nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimwita fundi wa kuchomelea: geti dogo la ndani, mita moja kimo, 70,000. Sasa mteja anaingia geti la kwanza, analifunga, ndipo anafunguliwa la pili. Hili nilipaswa kulifanya mwezi Januari.

30 Machi

Geti linazuia Dafu asitoke, halimfundishi kutoruka. Na nilipoanza kutazama niligundua jinsi tulivyokuwa tunamlipa. Akiruka, mtu anamsukuma kwa mikono miwili, "Toka! Toka!" Mikono mwilini, macho usoni, sauti juu. Mbwa angetaka nini zaidi?

Mazoezi: Dafu amefungwa kamba fupi kwenye mti wa mwembe. Mtu anamkaribia. Miguu minne ikiwa chini, mtu anafika na kumkuna. Akinyanyuka tu, mtu anageuza mgongo na kuondoka. Watoto walijifanya wageni, mara 15 kwa siku.

Siku tatu maendeleo mazuri. Siku ya nne akaharibika kabisa, akaruka juu zaidi na kubweka. Alikuwa kama mteja anayekuta duka alilolizoea limefungwa, anabisha kwa nguvu zaidi kabla ya kukubali kuondoka. Binti alimhurumia akamkuna akiwa hewani. Basi tukawa tumemfundisha kuwa kubisha kwa nguvu kunafungua duka, na tukaanza upya. Mara ya pili fujo ile ilikuja siku ya tano, tukanyamaza wote, siku ya saba ikaisha.

Wateja ndio wagumu. Nimebandika karatasi getini: USIMSALIMIE MBWA AKIRUKA. Wanaisoma kwa sauti, kisha wanaingia wakisema, "Muache tu fundi, mimi simuogopi." Hapo namfungia Dafu kizimbani. Kumfundisha mteja sina dagaa.

Jambo jingine la mwezi huu lililonichanganya: ameanza tena kukojoa ndani, mara mbili hadi tatu kwa siku, baada ya wiki sita za ukavu. Tulidhani ni ujeuri, au kibofu kinaumwa. Mtoto wangu wa kiume ndiye aliyeona kwamba bakuli la maji linakwisha mara nne kwa siku. Dagaa! Nilikuwa namlipa kwa dagaa wa hapa pwani, waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Nimehamia dagaa wa Mwanza, wa maji baridi, wasio na chumvi. Siku tatu, sakafu kavu.

20 Aprili (wiki 23)

Meno ya utotoni yanadondoka, na ya ukubwani, 42, yanasukuma. Nilimpa kandambili za zamani atafune. Msifanye hivyo. Mbwa hajui ya zamani na ya sikukuu. Amekula jozi nne, 28,000, pamoja na kiatu cha Pasaka cha mwanangu. Sasa anatafuna kitambaa cha taulo kilicholowekwa na kugandishwa, nikiwa namtazama, kikianza kutoa nyuzi nakitupa.

Kuvuta kamba. Kilo 19, na kila matembezi bega langu linabaki nyuma. Kwa kuwa kushona ndiyo kazi yangu, nilimshonea hanesi, yaani mikanda ya kumfunga kifuani na tumboni badala ya shingoni, kwa mkanda wa begi na buckle mbili. Ya kwanza (6,000) ilimchubua kwapani, kwa sababu nilipitisha mkanda wa tumbo karibu mno na miguu ya mbele. Ya pili (8,500) nimeurudisha mkanda nyuma kwa upana wa vidole vinne, nikaweka bitana ya flana, na pete ya kamba iko kifuani badala ya mgongoni. Akivuta, mwili wake mwenyewe unamgeuza anitazame. Hapo nasimama kama nguzo. Kamba ikilegea tunaendelea. Matembezi ya kwanza yalikuwa mita 60 kwa dakika 25, mbele ya vijana wa bodaboda waliokuwa wakitoa maoni.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la baba watoto, naye ameniruhusu niliandike. Aliamini mbwa mwenye nguvu achoshwe. Akawa anakimbia naye kilomita tatu kila alfajiri. Wiki ya kwanza Dafu alilala. Wiki ya tatu alikuwa anarudi kutoka kilomita tatu na kuomba nyingine tatu. Alikuwa anamfundisha mwanariadha. Daktari akatugombeza: mifupa bado inakua, na Labrador wana tabia ya kuharibika nyonga. Kuogelea sawa, kukimbia lami hapana hadi apite mwaka.

Tumebadili. Asubuhi sehemu ya chakula naimwaga kwenye majani uani, kidogo kidogo, anakitafuta kwa pua dakika 15. Jioni binti anaficha dagaa watano kwenye makopo kumi. Dakika 15 za pua zinamlaza kuliko kilomita tatu za miguu. Sikutegemea.

12 Mei

Fupi, kwa sababu ya mvua. Kilo 22, amenenepa hadi ubavu siuoni. Nilikuwa nampa mlo wake kamili wa dona, maharage na samaki, halafu dagaa wa mafunzo juu yake. Yeye hasemi "nimeshiba" hata siku moja. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kuwa kama robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayowafanya wawe na njaa kuliko mbwa wengine. Sijui kama Dafu ni wa robo hiyo, ila akipima mwenyewe angejibu ndiyo. Sasa asubuhi napima chakula cha siku nzima kwenye bakuli moja na malipo yote yanatoka humo. Kinachobaki jioni ndicho mlo.

Mvua zimeleta kupe pia. Masikio, kwapa, katikati ya vidole, kila usiku.

8 Juni (miezi 7)

Ameacha kusikia. "Njoo!" ananitazama, anafikiri, anaendelea na kaa wa pwani. Mwanzo tulisema ni ujana, na ujana upo. Lakini niliorodhesha "njoo" zote za wiki moja nikaona aibu. Njoo uogeshwe. Njoo utolewe kupe. Njoo turudi nyumbani. Njoo, nani katafuna hii? Kati ya 23, zilizoishia kwa jambo zuri zilikuwa nne. Ningekuwa mimi nisingekuja pia.

Isitoshe lugha yetu haikuwa moja. Baba watoto anasema "keti", mimi "kaa", mtoto anasema kwa Kiingereza. Na neno "kaa" nalisema mara 30 kwa siku kwa wateja. Mama mmoja aliambiwa "karibu, kaa," Dafu akaketi kabla yake. Tumekaa kikao cha familia, maneno yameandikwa kwenye friji: chini, acha, leta, lala. "Njoo" limestaafu. Mahali pake ni filimbi ya 2,000, milio miwili mifupi, na kila ikilia analipwa kipande cha samaki wa kuchemsha, siyo dagaa. Wakati wa kuogeshwa hatupigi filimbi, tunamfuata alipo.

Kwa mafunzo ya mbali nilinunua kamba ya katani mita 10, 3,000. Mtu wa Tanga atanunua nini kingine? Ilinichana kiganja alipoona kunguru, nikashindwa kushika mkasi siku mbili. Nimehamia mkanda bapa wa nailoni, 12,000, na unaelea anapoogelea.

13 Julai (miezi 8)

Kilo 27. Amekijaza kizimba.

Matumizi hadi leo bila chakula: mbwa 450,000, kizimba 45,000, chanjo zote 85,000, daktari 40,000, kitambaa cha mteja 36,000, geti 70,000, viatu 28,000, hanesi mbili 14,500, kamba 15,000, filimbi 2,000. Jumla 785,500. Chakula kama 60,000 kwa mwezi.

Kinachofanya kazi: analala kwenye mkeka nikishona, saa mbili mfululizo. Filimbi anaitika mara nane kati ya kumi pwani maji yakiwa yamekupwa, mara tano yakiwa yamejaa kwa sababu anataka kuogelea. Tepu ya kupimia ikianguka naweza kusema "leta" na inafika ikiwa na mate ila bila jino.

Kisichofanya kazi: kuku. Wa jirani wa nyuma wanapita chini ya uzio na hapo filimbi, samaki na miezi sita vyote vinasahaulika. Wiki hii nimeanza kumfunga umbali wa mita 20 kutoka kwao na kumlipa akigeuza shingo tu kunitazama. Jana tulifika mita 17, kisha jogoo akawika, tukarudi 20.

Mzee wa nyumba ya tatu alipita jana jioni. Dafu alikuwa nyuma ya geti la ndani, miguu minne chini, mkia ukipiga bati. Mzee alisimama upande wake wa barabara, akalitazama geti kwanza, kisha mbwa, akaniuliza kama naweza kumshonea mjukuu wake kanzu. Nimeichukua kazi. Kitambaa kiko juu ya kabati.